Kwenda Juani kuona kasa: ipange siku kwa kufuata maji

Mara ya kwanza nilipokwenda kisiwa cha Juani, Mafia, kuona watoto wa kasa wakitoka kiotani, niliipanga siku yangu kama mtu anayekwenda kupanda basi. Nilikunywa chai bila haraka, nikafika ufukweni Utende, kwenye kisiwa kikuu cha Mafia, saa tatu na nusu asubuhi nikiamini kwamba nimewahi. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiwa mpevu, na maji yalikuwa yakitoka tangu alfajiri. Mashua yetu ilikwama topeni tukiwa bado mbali na kijiji, ikabidi tushuke na kutembea ndani ya maji ya magoti kando ya mikoko, tukiburuta miguu taratibu kwa hofu ya kumkanyaga samaki taa aliyejifukia mchangani. Tulipofika upande wa mashariki, kazi ilikuwa imekwisha, na tulichoonyeshwa ni maganda ya mayai yaliyosinyaa.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya mashua, muulize nahodha kuhusu maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya huku hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, na kila siku inayofuata nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi maji huwa yamejaa na mashua hupita bila shida. Nahodha akikuambia mtoke saa kumi na mbili, toka saa kumi na mbili.

Jambo la pili ni tarehe ya kiota. Mayai ya kasa hukaa mchangani kwa takriban miezi miwili, na wanakijiji wanaolinda viota huandika siku ya kutagwa, kisha huhesabu. Msimu mzuri wa kuwaona watoto wakitoka ni kati ya Juni na Septemba. Usifunge safari kwa kubahatisha. Pata kwanza habari kwa walinzi kwamba kuna kiota kilichokwisha kuanza kufunguka, kwa kuwa watoto wengi hutoka usiku, wakati mchanga unapopoa, na mchana mlinzi hufukua ili kuwatoa waliobaki chini.

Safari yangu ya pili niliyafuata yote hayo. Tulivuka kisiwa kwa miguu, tukipita kwenye msitu uliootea juu ya mawe ya matumbawe yenye ncha kali (kandambili hazifai hapo, vaa viatu vilivyofungwa), tukatokea ufukwe ulio wazi kwa Bahari ya Hindi. Mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu, aliitikia shikamoo zetu, akapiga magoti na kuanza kuchimba kwa viganja. Kwanza mchanga ulitikisika wenyewe. Kisha kikatokea kichwa cheusi, kidogo kama ncha ya kidole gumba, macho yamejaa mchanga, na mapezi mawili yakipapasa hewa. Mgeni mmoja alinyoosha mkono ambebe hadi majini. Mzee alimzuia kwa upole: “Mwache atambae, mwanangu. Njia hii ni yake.”

Nakuomba sana uyashike maneno hayo. Simama nyuma ya kiota au pembeni, kamwe usisimame kati yake na bahari. Usiwashe mwanga wa kamera, kwa sababu mtoto wa kasa huongozwa na weupe wa upeo wa bahari na mwanga mwingine humpoteza. Na usisogee hovyo, maana kasa anayekuja nyuma yako anaweza kuwa chini ya kisigino chako. Mashimo ya nyayo nayo yasawazishe, kwani kwa kiumbe wa ukubwa ule kila shimo ni bonde.

Beba maji ya kunywa ya kutosha, kwani ufukweni huko hakuna duka, na utunze risiti ya kiingilio cha Hifadhi ya Bahari. Wakati wa kurudi, maji yakiruhusu, pitia kisiwa cha Chole uwaone popo wakubwa wanaokula matunda, ambao jamii yao hupatikana pia Komoro. Mchana wanalala wakining'inia mitini. Mtu akijitolea kupiga makofi ili waruke upate picha, mkatalie. Subiri magharibi, wataruka wenyewe.