Kikombe cha breki kinavuja? Usikimbilie kununua masta

Juzi dogo mmoja wa Mbagala kanitumia meseji, anasema "braza kikombe cha oili ya breki kinavuja, fundi kasema masta imekufa ninunue mpya, na bosi anataka hesabu yake kama kawaida, nifanyeje". Nikacheka, afu nikakasirika, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na aliyeniambia alikuwa na uhakika kuliko hata waliotengeneza hiyo pikipiki.

Tuelewane kabisa, haya yanawahusu wenye breki ya diski, ile inayotumia oili. Masta ni ile pampu ndogo kwenye usukani inayosukuma oili ukibonyeza breki, na kikombe ndo kinachotunza oili yake. Pikipiki nyingi za kijiweni zina dramu, waya mbele na fimbo nyuma, hazina oili yoyote ya breki, so kama yako ndo hiyo endelea na shughuli zako. Ila wewe mwenzangu uliyejichanga ukapata ya diski kaa hapa tuongee.

Mimi natoka Kimara kwenda mjini kila siku, na anayepajua Kimara anajua ule mteremko wa kushuka Ubungo asubuhi, daladala hii hapa, mwendokasi ule pale, boda mwenzako anakupita kushoto na abiria wawili, yaani breki ya mbele ndo kila kitu. Sa kuna fundi mmoja nilikuwa namwamini sana, jina namsitiri. Siku moja akaona oili imeshuka kwenye kile kidirisha cha kikombe, akaniambia bosi imepungua hii, akafungua akajaza mpaka juu kabisa. Sikuwa na neno. Baadaye padi za mbele zikaisha, nikarudi kwake kubadilisha, akazikandamiza pistoni za kalipa, kile kifaa kinachobana padi kwenye diski, na bisibisi akafunga padi mpya, nikaondoka. Nafika nyumbani naona mfuniko wa kikombe umelowa, pembeni panachuruzika, na tone limeshadondokea tenki.

Narudi kwake, anaangalia kwa mbali bila hata kushika, anasema masta imekufa hiyo. Nikamuuliza imekufaje wakati breki inashika vizuri tu? Akawageukia wale jamaa wanaokaaga pale bandani akasema "huyu nae anataka kunifundisha kazi", wakacheka wote, mpaka muuza kahawa. Bei aliyotaja ya masta ilikuwa hela ya kula wiki nzima. Nilivyosita akanipa na ofa ya huruma, eti kama huna hela tupake silikoni kwenye mfuniko.

Sikulala vizuri siku ile, na si kwa ajili ya hela.

Ukweli wenyewe ni huu. Padi zikiisha, pistoni zinatoka nje zaidi, oili inashuka kuzifuata, so kile kikombe kupungua kidogo kidogo ni kawaida kabisa, ni padi zinaliwa, haimaanishi kuna mahali inavuja. Ukijaza mpaka juu wakati padi zimekwisha, siku ukiweka padi mpya nene zile pistoni zinarudishwa ndani na oili yote inarudi kikombeni, na kikombe kimeshajaa, itaenda wapi? Inatokea mfunikoni. Yeye mwenyewe ndo alijaza, yeye mwenyewe ndo akarudisha pistoni, afu masta ndo ikapewa kesi.

Nikafungua mwenyewe nyumbani. Chini ya mfuniko kuna mpira mweusi laini wenye mikunjo, huo mpira kazi yake ni kushuka pamoja na oili ili hewa ya nje isiguse oili. Nilivyoufungua nikakuta umevutika chini wote na ukingo mmoja umejikunja, maana alivyojaza hakuurudisha mikunjo yake juu, kaubandika hivyo hivyo akafunga. Nikapunguza oili na sirinji mpaka usawa wa mstari wa juu, nikausafisha mpira, nikarudisha mikunjo, nikaukalisha vizuri, nikafunga. Mfuniko ukakauka, mpaka leo naandika hapa haujalowa tena. Masta ni ile ile. Siku nimepita pale bandani nikapiga breki kwa makusudi mbele yake.

So dogo, na wengine wote, kabla hujatoa hela jua panapovuja. Osha kikombe kwa nje na maji mfuniko ukiwa umefungwa, kausha kabisa na kitambaa kisafi, afu funga vipande vya tishu nyeupe, kimoja kuzunguka mfuniko, kingine pale mkono wa breki unaposukuma pistoni ya masta, kingine kwenye ile bolti inayoshika paipu. Pampu breki, zunguka mtaani polepole, rudi uangalie ipi imelowa. Mfuniko ukilowa ni mpira, au kimejaa kupita kiasi, au skrubu zimelegea. Bolti ya paipu ikilowa mara nyingi ni zile washa zake, vile vipete vya kuzibia, vitu vidogo vya bei ndogo, weka mpya usirudishie za zamani. Pakilowa pale kwenye mkono wa breki, raba za pistoni ya masta zimechoka, na hapo ndo fundi wako ana hoja, badilisha raba, na kama ndani kumechubuka ndo ununue masta. Kidirisha kikipasuka vile vile, usihangaike na gundi. Na ukibonyeza breki ikawa laini inazama mpaka kwenye usukani, usitembee nayo hata kufuata chapati, mara nyingi upepo umeshaingia kwenye oili, inatakiwa kutolewa upepo kwanza.

Silikoni hapana. Ule mfuniko una njia ndogo ya hewa juu ya mpira ili mpira uweze kushuka, wewe ukiziba kila kitu umejitafutia tatizo lingine. Kukata kipande cha tyubu kuweka badala ya ule mpira hapana. Nimeona pia watu wanajazia oili ya haidroliki au oili ya injini, hiyo inavimbisha raba zote kuanzia juu mpaka kwenye kalipa, na hapo sasa masta itakufa kweli. Soma mfuniko, umeandikwa DOT 3 au DOT 4, hizo ni aina za oili ya breki, weka hiyo hiyo, na usichanganye na DOT 5 maana hiyo ni ya silikoni, ni kitu kingine kabisa.

Na nunua kichupa kidogo kilichofungwa, usinunue ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Oili ya breki inanyonya unyevu, na Dar hii ya kwetu hewa yenyewe ni mvuke. DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango chake kinaruhusiwa kushuka mpaka 155, ikichemka mteremkoni unabonyeza povu. Vijana tunapenda kununua taa za rangi na stika, ila kufungua mfuniko tu tuone rangi ya oili hatutaki, tunasubiri fundi atuambie. Fundi ni binadamu, ana kodi ya banda. Mwenye roho yako juu ya hiyo pikipiki ni wewe, jifunze kuangalia chombo chako, angalia, angalia tena.

Wakati wa kufungua hizo skrubu tumia bisibisi inayokaa sawasawa, gonga kichwa cha skrubu kidogo na nyundo kwanza, maana skrubu hizo ni laini zinaliwa haraka. Nyoosha usukani kikombe kikae usawa. Oili ikikuingia jichoni osha na maji mengi uende hospitali. Ikidondokea diski au padi usiipotezee, diski isafishwe, padi zilizolowa zitupwe. Ikidondokea rangi mwagia maji mengi hapo hapo, usianze kufuta na kitambaa unaisambaza. Mimi nilichelewa kuliona lile tone, tenki langu rangi imebanduka kama kiganja, na yule fundi nikimkumbushia habari ya rangi anajifanya anaongea na simu.