Usiing'oe hiyo haidrenjia

Dada, umeuliza kama uing'oe kwa kuwa maua yamekauka. Usithubutu! Haidrenjia ni kichaka cha miaka mingi, si ua la msimu mmoja. Kata kichwa kilichokauka tu, juu ya jozi ya kwanza ya machipukizi yaliyonona. Hii ya kawaida yenye majani mapana huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo ukiifyeka hadi chini utakaa mwaka mzima bila ua. Ikilegea saa saba mchana usikimbilie ndoo, chomeka kidole kwenye udongo kwanza. Mara nyingi jioni huinuka yenyewe. Rangi ya buluu hutaka udongo wenye asidi, kama wa mashamba ya chai kule Limuru. Yangu niliitilia majivu ya jikoni, ambayo hupunguza asidi, maua yaliyofuata yakatoka rangi ya waridi.