Kijiwe nilichokitupa

Jana, hapa tunapochimba makaburi ya kale, nimemkuta mmoja wenu ameshika pingili ya uti wa mgongo, ya kiunoni, huku anaandika kwenye fomu: "Alivunjika mgongo, akafa." Pingili yenyewe imeungana na jirani yake! Wadogo zangu, marehemu huyo alikula futari nyingi tu baada ya kuanguka.

1. Tazameni kingo za mvunjiko. Zikiwa butu na mfupa mpya umefunika ufa, mtu alipona. Zikiwa nyeupe kuliko mfupa wenyewe, hiyo ni sururu yako, usimsingizie mtu.

2. Kila kibiongo si kifua kikuu. Kifua kikuu hula mwili wa pingili. Mvunjiko huuponda ukawa kabari.

3. Fungueni na boksi la mifupa ya miguu. Mguu usiokanyaga hukonda hadi mfupani, ukuta wa mfupa wa paja ukawa mwembamba.

4. Udongo wa nyonga uchekecheni peke yake. Hapa nitasema ukweli. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kaburi la mtu mzima, pingili mbili zimeshikana kama zimepigwa gundi. Katikati ya nyonga palikuwa na kijiwe, ukubwa wa yai la njiwa, rangi ya chai ya maziwa. Nina njaa, gari linapiga honi. Nikakirusha kwenye lundo la udongo. Usiku, tukiwa tunakula, mzee wetu akauliza taratibu: "Mwanangu, kwenye nyonga hapakuwa na kijiwe?" Ugali ukanikwama. Aliyepooza, mara nyingi kibofu chake hakitoi mkojo wote. Ukituama, huweza kufanya mawe. Mfupa ulituambia kavunjika. Kijiwe kile ndicho kingetudokezea kama na neva ziliumia. Siku mbili nimechekecha lundo zima, nikapata vijiwe 41, vyote kokoto za barabarani. Viko kwenye droo yangu. Mkivicheka, chekeni nje.

5. Sakramu, mfupa wa chini kabisa ya mgongo, nyuma ya nyonga, msiipite. Mganga wa Misri aliyeandikwa kwenye mafunjo ya Edwin Smith, maandishi ya kale ya tiba ya karibu 1600 KK, alimtazama mtu aliyetenguka shingo, hahisi mikono wala miguu, mkojo unamtiririka, akasema huyu hatibiki. Hata Uingereza, kabla daktari Ludwig Guttmann hajaanza wodi yake ya walioumia uti wa mgongo, hospitali ya Stoke Mandeville, mwaka 1944, wengi waliopooza hivyo walimalizwa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Vidonda hivyo vikizama huacha alama kwenye sakramu.

Sakramu ya yule wangu wa kijiwe ilikuwa laini. Kuna mtu alikuwa akiamka usiku kumgeuza.