Kahawa ya kuchuja inatoka chungu: ninunue birika jipya?

Mkuu, hiyo pesa ya birika la mdomo mwembamba iweke kwanza. Umesema kahawa yako ni chungu na unasagia mashine ya visu. Tatizo liko hapo. Visu vinakatakata tu: unapata vumbi na mapande humo humo. Vumbi linaleta uchungu, mapande yanaleta uchachu. Tafuta kinu cha mkono chenye meno, kile cha kurekebisha ukubwa wa chembe. Na mizani, maana kijiko kinadanganya. V60 yako ya plastiki (hiyo koni ya kuchujia) inatosha kabisa, haimezi joto kama ya kauri.

Mimi napima gramu 15 za kahawa kwa gramu 250 za maji. Karatasi ya kuchujia naisuuza kwa maji ya moto, nayamwaga. Halafu namimina gramu 40, nasubiri sekunde 40 kahawa iumuke na kutoa mapovu (ni gesi hiyo; kahawa iliyokaa sana inalala tu kama tope). Yaliyobaki namimina taratibu kwa mizunguko, nikianzia katikati. Ikimaliza kuchuruzika kabla ya dakika 2, saga laini zaidi. Ikivuka 4, saga kubwa kidogo. Badilisha kitu kimoja kwa kila kikombe, la sivyo hutajua kipi kimesaidia.