Binti wa vayolini kuhamia viola

Dada, umeuliza kama binti yako anayepiga vayolini kanisani hapo Kondele anaweza kuhamia viola, ndugu mkubwa wa vayolini mwenye sauti nzito zaidi, bila kuanza upya. Anaweza. Vidole vinashika vilevile, ila nafasi kati ya noti ni pana na upinde ni mzito kidogo. Nyuzi za vayolini ni G, D, A, E. Za viola ni C, G, D, A. Ile E kali haipo, kuna C nene inayonguruma, na kwangu hiyo ndiyo raha yenyewe (wapiga orutu, ile fidla ya Wajaluo, wacheke tu, wao uzi mmoja wawatosha). Kitakachomsumbua ni kusoma: kwenye ufunguo wa alto, yaani alama ya mwanzo wa mistari ya noti za viola, mstari wa katikati ni C, si B kama alivyozoea kwenye vayolini. Na kabla hujanunua, mpime mkono. Mwili wa vayolini ni kama sentimita 36, viola nyingi hufika 40.