Azori kwa wiki moja: mleta uzi, usilipie hiyo ratiba

Mleta uzi, usilipe chochote kwanza. Umeandika una siku saba za Februari Azori, visiwa vya Ureno katikati ya Atlantiki, unaanzia São Miguel, unapita Pico na Faial, unaruka Flores, unamalizia Terceira, na Jumapili jioni uwe Lisbon kuwahi ndege ya Nairobi. Mimi nilipangiwa ratiba hiyohiyo, kisiwa kwa kisiwa, na iliniponza.

Wakala wangu alinifungulia ramani ya brosha, visiwa tisa vimebanana kama maembe kwenye fungu. "Vyote jirani," akaniambia. Jirani gani? Kutoka Santa Maria mashariki hadi Corvo magharibi ni kilomita kama 600. Mombasa hadi Nairobi haifiki hapo, na huku katikati ni Atlantiki tupu. Ni makundi matatu yaliyoachana: São Miguel na Santa Maria mashariki, Terceira, Graciosa, São Jorge, Pico na Faial katikati, Flores na Corvo peke yao huko magharibi, tayari juu ya bamba la Amerika Kaskazini, yaani kipande cha gamba la dunia kinachobeba bara hilo. Baadaye nikaja kujua yule bwana hajawahi hata kukanyaga huko. Pesa yangu alipokea bila wasiwasi wowote.

Sasa sikiliza kilichonipata Flores. Kisiwa ni kizuri, maji yanaporomoka gengeni kila upande unaogeuka. Siku ya kuondoka nikaamka, ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa ya Santa Cruz. Uwanja wa ndege uko palepale mjini, njia moja tu, mlima huku, bahari kule. Tukaisikia ndege. Ukumbi mzima ukanyamaza. Ikazunguka juu yetu, mngurumo ukakaribia, mama mmoja aliyekaa mbele yangu akasimama na kushika begi lake, halafu sauti ikafifia kuelekea mashariki. Imegeuza. Yule mama akaketi tena, begi bado mkononi. Kesho yake ukungu haupo, ila upepo hautaki. Tuliondoka siku ya tatu.

Hoteli nililipiwa. Lakini ile ndege ya Lisbon na ile ya Nairobi wakala alikuwa amezikata tiketi mbalimbali, eti ni nafuu. Nilipokosa ya kwanza, ya pili ikaondoka bila mimi, na hakuna aliyewajibika. Nikanunua tiketi mpya siku hiyohiyo kwa bei ya siku hiyohiyo. Nilipompigia simu akanijibu kwamba hali ya hewa ni kazi ya Mungu. Ni kweli, lakini kupanga safari ilikuwa kazi yake, na nilimlipa.

Kilichoniuma kuliko pesa ni Terceira. Mimi ni mtu wa Mombasa, na nilikifuata kisiwa kile kwa sababu moja. Vasco da Gama alipokuwa akirudi kutoka India mwaka 1499, kiseyeye kilikuwa kimemmalizia mabaharia, akaichoma meli yake moja, São Rafael, karibu na pwani yetu kwa kukosa watu wa kuiendesha. Nahodha wa meli ile alikuwa kaka yake, Paulo. Paulo aliugua njiani, Vasco akampeleka Terceira, akafia huko na kuzikwa Angra, mji mkuu wa kisiwa hicho. Nilitaka kusimama pale, mimi niliyetoka ufuoni ilikoanzia habari ile. Angra nimeiona kwa picha tu.

Kwa hiyo: kundi moja kwa safari moja. Kwa siku saba kaa katikati. Faial, Pico na São Jorge vina boti mwaka mzima, na kutoka Horta ya Faial hadi Madalena ya Pico ni nusu saa. Nenda Capelinhos, ncha ya magharibi ya Faial, ambako volkano ililipuka baharini Septemba 1957 ikaendelea hadi Oktoba 1958. Mnara wa taa bado umesimama, ghorofa ya chini imefukiwa na majivu, na mbele yake kuna nchi kavu ambayo zamani ilikuwa maji. Maelfu walihamia Marekani baada ya hapo. Ng'ambo ya Faial, upande wa Horta, ni mlima Pico, mita 2,351, na chini yake mizabibu imepandwa ndani ya nyua ndogondogo za mawe meusi ya volkano, kuta kwa maelfu, ili upepo wa chumvi usiiunguze. Pitisha mkono kwenye zile kuta saa za jioni, mawe bado yana joto la jua.

Flores iondoe kabisa. Safari zote hadi Nairobi zikatwe pamoja katika tiketi moja, na Lisbon uache siku nzima tupu kabla ya ndege kubwa. Wakala akikwambia siku hiyo ni hasara, muulize yeye alilala usiku ngapi Santa Cruz.

Ukiipanga upya iweke hapa niione kabla hujalipa.