Fundi wa Ndege Anajibu: Injini Iliyotakiwa Ichemke

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa magari hapa Njombe. Nimesoma kwamba kabla ya Spitfire, ndege ya kivita maarufu ya Uingereza, kampuni ya Supermarine iliyoitengeneza ilitengeneza nyingine iliyokuwa ikichemsha kila mara. Injini ya Rolls-Royce nzima inachemshaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Maji yake yalitakiwa yachemke! Ndege hiyo, Type 224 ya mbunifu Mitchell, iliruka Februari 1934 ikiwa na injini ya Rolls-Royce iitwayo Goshawk, silinda 12, iliyotokana na injini yao ya awali, Kestrel. Rejeta inayoning'inia nje hukamata upepo na kula mwendo, basi wakaamua kuiondoa. Maji yalipita kwenye injini yakiwa na presha, yakitoka yanageuka mvuke, mvuke unapoa ndani ya ukingo wa mbele wa mbawa na kurudi kuwa maji. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na kalori kama 540. Ukiipasha nyuzi 10 tu, inabeba 10. Hesabu hiyo naipenda hadi leo.

Tatizo lilikuwa kwenye pampu. Mvuke uliorudi kuwa maji ulikusanyika chini, ndani ya vifuniko vya magurudumu, na maji hayo yalikuwa bado ya moto. Wewe wa Njombe unajua maharage yenu yanavyokawia kuiva kuliko ya Dar: huko juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Rubani akipaa, maji yaligeuka mvuke ndani ya pampu, na pampu ya maji haisukumi mvuke. Mimi mwenyewe yalinikuta ya namna hiyo Dodoma, mchana wa jua kali: petroli iligeuka mvuke kwenye bomba la Cessna, injini ikagoma kuwaka mpaka tulipofungua kava ikapoa.

Zabuni ya ndege ya kivita ya jeshi la anga la Uingereza ikaenda kwa Gladiator ya kampuni ya Gloster, yenye injini ya Bristol Mercury inayopozwa kwa hewa.

Kilichowaokoa Supermarine ni glaikoli, kiowevu cha kupozea injini badala ya maji, ambacho huchemka kwenye nyuzi 197 hivi. Kiowevu kikiwa cha moto zaidi, rejeta ndogo inatosha. Spitfire iliruka Machi 5, 1936 ikiwa na injini ya Rolls-Royce Merlin. Lakini glaikoli tupu hushika moto, tena hupenya kwenye maungio. Kwa hiyo Merlin za baadaye zilitiwa glaikoli asilimia 30 na maji 70, mfumo ukafungwa kwa presha. Kulanti unayowatilia wateja wako ni ya ukoo huohuo.